Je, Wajua? Neva zako hujumlisha na kutoa

Seli moja aina ya Purkinje, iliyo sehemu ya nyuma ya ubongo, inaweza kupokea ujumbe kupitia viungio zaidi ya 100,000!

Ujumbe mmoja haufui dafu. Huinua umeme wa seli kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya milivolti 1. Seli iliyotulia iko karibu na milivolti hasi 70, na haifyatuki mpaka ikaribie hasi 55. Basi jumbe nyingi ziingie kwa mpigo, au zifuatane upesi. Zikichelewa, hesabu inafutika.

Zipo pia jumbe za kuzuia. Mtazame mama lishe wa Temeke Stereo akiipua sufuria ya wali. Kitambaa kimeteleza, vidole vinaungua. Maumivu yanasema achia. Ubongo unasema shikilia. Amri zote mbili zinakutana kwenye seli za uti wa mgongo. Zuio likishinda, sufuria inatua salama. Mama anafyonza tu.

Sumu ya pepopunda huziba jumbe hizo za kuzuia. Misuli inabaki na amri ya kukaza tu: taya linajifunga, mgongo unapinda kinyumenyume. La kutisha zaidi, mgonjwa kwa kawaida ana fahamu zake zote.

Chanjo ipo. Watoto huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wajawazito huipata kliniki. Ukikanyaga msumari, osha kidonda, nenda zahanati siku hiyohiyo.