FIGO BANDIA HAIJIENDESHI: IJUE KAZI YA FUNDI WA KUSAFISHA DAMU

Ndugu msomaji, wahenga walituusia tusione vyaelea, vimeundwa. Usemi huo ulizaliwa miongoni mwa waunda vyombo vya baharini, lakini unaufaa pia mtambo ambao watu wa mijini wanausikia ukitajwa mara kwa mara siku hizi, yaani mashine ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Mashine hiyo husifiwa sana. Daktari aliyeagiza tiba hukumbukwa, na gharama huzungumzwa katika kila kikao cha ukoo. Ni nadra kumsikia akitajwa mtu anayesimama kando ya kiti cha mgonjwa, akaitoa damu mwilini na kuirudisha salama.

Katika Tanzania kazi hiyo aghalabu hufanywa na wauguzi waliopata mafunzo maalumu. Nchini Marekani, ambako takribani watu nusu milioni huishi kwa tiba hii, imekuwa fani inayojitegemea: yuko fundi sanifu ambaye kazi yake ya kila siku ni kumhudumia mgonjwa aliye mashineni, chini ya usimamizi wa mwuguzi. Kwa kuwa huko kazi hii imepambanuliwa wazi, kanuni zake zimeandikwa na malalamiko ya wafanyakazi wake yamefikishwa hadharani, na tuitazame kwanza huko, kisha tuone inatufunza nini sisi.

SAA 12 KATI YA SAA 168

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja na nusu hivi kuwa mkojo. Hazipumziki usiku wala sikukuu. Zikishindwa, maji hubaki mwilini, miguu huvimba na pumzi huwa nzito. Sumu hulimbikizana katika damu, na madini ya potasiamu yakizidi huweza kuusimamisha moyo ghafla.

Mgonjwa hulazwa kwenye kiti maalumu mara 3 kwa juma, kiasi cha saa 4 kila mara. Piga hesabu, ndugu msomaji: hizo ni saa 12 kati ya saa 168 za juma zima. Kazi ambayo figo huifanya mchana na usiku inabanwa katika saa hizo chache, na ndiyo maana kosa dogo ndani yake huwa kubwa.

ILIKOTOKA TIBA HII

Daktari Mholanzi, Willem Kolff, alitengeneza figo bandia yake mwaka 1943 katika mji mdogo wa Kampen, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Alitumia ngozi laini ya selofani, aina ile iliyotumiwa kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa lililozama katika maji yenye chumvi. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki. Mwaka 1945, mama wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka, na dunia ikajua kwamba jambo hilo linawezekana.

Lakini kila tiba iliharibu mshipa, hivyo haikuwezekana kuirudia kwa miaka. Mwezi wa Machi 1960, mjini Seattle, Daktari Belding Scribner alimwekea mgonjwa mrija wa kudumu mkononi. Mgonjwa huyo, Clyde Shields, alikuwa fundi mitambo, mtu wa karakana kama walivyo wengi wanaosoma ukurasa huu. Aliishi miaka 11 zaidi.

Mashine zilikuwa chache na wenye kuzihitaji wengi. Basi mjini humo iliundwa kamati ya raia 7 ya kuamua nani apewe tiba. Miongoni mwao walikuwamo mchungaji, mwanasheria, mama wa nyumbani na kiongozi wa wafanyakazi. Waliwapima wagonjwa kwa ndoa zao, watoto wao, kazi zao na mwenendo wao. Jarida la Life lilipoitangaza habari hiyo mwaka 1962, wengi walishtuka. Miaka 10 baadaye, mwaka 1972, ilipitishwa sheria ya kuwalipia wagonjwa wa figo kutoka mfuko wa umma, nayo ikaanza kutumika Julai 1973. Vituo vikaongezeka kote nchini, na kwa kuwa madaktari na wauguzi wasingetosha, fundi wa kusafisha damu akapata nafasi yake.

KAZI HUANZA ALFAJIRI

Katika vituo vingi fundi hufika yapata saa 10 alfajiri, kabla mgonjwa yeyote hajaingia. Jambo lake la kwanza ni maji. Tiba moja hutumia kiasi cha lita 120 za maji, sawa na madumu 6 ya lita 20, na maji hayo hupita kandokando ya damu ya mgonjwa, yakitenganishwa nayo na utando mwembamba mno. Maji ya bomba tunayokunywa bila madhara yanaweza kumwua mgonjwa huyu, kwa sababu dawa ya klorini inayoua vijidudu huzipasua chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo fundi huyapima maji kabla ya kila zamu na kuandika matokeo kwa mkono wake.

Asidhani mtu kwamba huo ni urasimu. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, maji ya bwawa yenye sumu ya mwani yalifika katika kituo cha kusafisha damu bila kutakaswa ipasavyo. Zaidi ya wagonjwa 50 walikufa kwa sumu hiyo, ini zao zikiwa zimeharibika. Walikwenda kutafuta uhai, wakapewa maji mabaya.

Baada ya maji, fundi huandaa mashine. Huhakikisha kwamba dawa iliyotumika kuisafisha haikubaki ndani, huijaza mirija kwa maji ya chumvi ili kisisalie kipovu cha hewa, na hulinganisha chujio na agizo la daktari. Ndipo mlango unafunguliwa.

MGONJWA AKIWA KITINI

Mgonjwa huosha mkono wake, kisha hupimwa uzito. Kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, yaani ule anaopaswa kuwa nao bila maji ya ziada. Aliyezidi kwa kilo 2 na nusu amebeba lita 2 na nusu ambazo mashine itabidi izitoe. Fundi hukokotoa hesabu hiyo kwa uangalifu. Akitoa kidogo, mgonjwa atalala akihema. Akitoa mengi kwa haraka, atazimia kitini.

Kisha fundi huushika mkono. Wagonjwa wengi wamepasuliwa na kuunganishiwa mshipa upelekao damu na ule uirudishao moyoni, ili upatikane mshipa mnene unaostahimili sindano. Ukiugusa mshipa huo unatetemeka chini ya vidole, na ukiutegea sikio kwa chombo cha daktari unavuma. Ukinyamaza, huenda damu imeganda, na mwuguzi lazima aitwe kabla sindano haijaguswa.

Sindano ni mbili, nene kuliko zile tulizozoea: moja ya kutolea damu, nyingine ya kuirudishia. Hapa ndipo mgonjwa anapomtambua fundi wake. Mashine zote zafanana, ila mikono haifanani. Mwenye kuchomwa mara 6 kila juma, juma baada ya juma, anajua upesi ni nani anayeuheshimu mshipa wake kwa kubadili mahali pa kuchoma, na ni nani anayerudia palepale mpaka pavimbe.

Mashine ikishaanza, damu hutoka kwa kasi inayokaribia chupa moja ya soda kila dakika. Mwili wa mtu mzima una kiasi cha lita 5 tu. Sindano ya kurudishia damu ikichomoka na hapana aliyeona, pampu itaendelea kuimwaga damu sakafuni, na kengele ya mashine huweza isilie. Kwa dakika chache mtu amekwisha. Ndiyo maana fundi mwema humkatalia mgonjwa kuufunika mkono kwa blanketi, ingawa mgonjwa anatetemeka kwa baridi na anamwona kuwa hana huruma. Humfunika miguu na kifua, akauacha mkono na uso wazi.

Kila nusu saa, au mapema zaidi, hupima shinikizo la damu na kukagua mirija. Lakini katikati ya vipimo hivyo husoma uso wa mgonjwa. Yule aliyekuwa akizungumza akanyamaza, yule anayepiga miayo mfululizo, yule anayetokwa jasho katika chumba cha baridi, shinikizo lake la damu huenda linashuka. Fundi mwenye uzoefu hukilaza kiti, huinua miguu, hupunguza kasi ya kuvuta maji na kumwita mwuguzi kabla mgonjwa hajazimia. Mtambo hutangaza kilichokwisha kutokea. Jicho la mtu huona kinachokuja.

Saa 4 zikitimia, damu hurudishwa, sindano hutolewa, na mahali pake hubanwa mpaka pakauke. Mgonjwa hupimwa akiwa amesimama, maana wapo wanaoanguka mlangoni. Kisha kiti na mashine husafishwa kwa dawa, glovu hubadilishwa, na mgonjwa mwingine anangoja. Uchafu wa damu usioonekana kwa macho huweza kupitisha homa ya ini kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

HAKI YA MFANYAKAZI NA UHAI WA MGONJWA

Kwa kanuni za serikali ya Marekani zilizotolewa mwaka 2008, fundi huyu lazima awe amemaliza shule ya sekondari au kuwa na elimu inayolingana nayo, apewe mafunzo, na apate cheti katika muda wa miezi 18 tangu kuajiriwa. Hilo ni jema. Lakini kanuni hizo hazikutaja fundi mmoja awe na wagonjwa wangapi. Zilisema tu kwamba watumishi wawe wa kutosha. Baadhi ya majimbo yamejiwekea kiwango, mengine hayakufanya hivyo, na ni jambo la kawaida fundi mmoja kuwa na wagonjwa 4 kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo penye mgogoro. Sehemu kubwa ya vituo iko mikononi mwa makampuni mawili makubwa ya biashara, na kiti kilicho kitupu hakiingizi fedha. Katika jimbo la California chama cha wafanyakazi wa afya kilipeleka mapendekezo kwenye kura ya wananchi mwaka 2018, 2020 na 2022. La kwanza lilihusu mapato ya vituo. Mawili yaliyofuata yalitaka daktari au mtaalamu mwingine mwenye sifa awepo wakati wote wa tiba. Makampuni yalipinga kwa fedha nyingi, yakisema gharama zingefunga vituo. Mara zote 3 wapiga kura walikataa.

Msomaji aliyefanya kazi kiwandani anaijua hali hii. Akisimamia mitambo mingi kupita kiasi, nguo hutoka na kasoro na hutupwa pembeni. Hapa, ndugu yangu, kasoro ni mtu.

Liko na jambo jingine lisiloandikwa katika kanuni. Fundi humwona mgonjwa yuleyule mara 3 kwa juma kwa miaka. Anajua majina ya wajukuu zake na chakula anachokikosa. Wagonjwa wa kundi moja huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wa kundi la pili Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila kundi basi lina pengo moja la siku mbili bila tiba, na uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kwamba vifo huongezeka mwisho wa pengo hilo. Kwa hiyo Jumatatu alfajiri fundi huandaa mashine akijua kwamba yuko ambaye huenda asije. Kiti kikibaki kitupu, hapewi siku ya maombolezo. Zamu inaendelea.

LINATUHUSU NINI SISI?

Shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari, ambavyo ni vyanzo vikuu vya figo kufa, vimo katika nyumba zetu. Kipimo cha presha huchukua dakika chache. Kinga bado ni bora kuliko tiba, hasa tiba isiyo na likizo. Asimeze mtu vidonge vya maumivu kila siku kwa mazoea bila kumwona daktari.

Na ikiwa nyumbani mwako yumo anayekwenda kusafishwa damu, basi msaidie asikose siku yake, na umsaidie kuzuia kiu na chumvi, maana kila kikombe cha ziada kitavutwa na mashine. Mkumbushe kuulinda mkono wenye mshipa, usibanwe na saa wala kubebeshwa mzigo. Umwonapo mhudumu akimfunua mkono blanketi, usimkasirikie. Mwulize jina lake, umsalimu kwa heshima.

Wenye dhamana ya kununua mashine nao wana swali la kujibu kila mtambo mpya unapofika: ni nani atakayesimama kando yake, amefunzwa na nani, na atakuwa na wagonjwa wangapi? Mashine isiyo na jibu la maswali hayo haijawa figo bado.