Unanunua deki ya kurekodi DVD? Ijaribu kwanza, ndio ulipe

Unaishi Satellite na una kanda za harusi unazotaka kuhamishia kwa DVD? Deki ya kurekodi bado itakufaa. Lakini ukiitafuta Luthuli Avenue, jua nyingi siku hizi zimeshatumika.

Mwambie muuzaji aiwashe. Rekodi dakika tano kwenye DVD-RW, ambayo hufutika. Chagua Finalize kwenye menyu, kisha ucheze diski kwa deki nyingine. Ikikwama, huenda lenzi imechoka, achana nayo.

Angalia pia kama ina matundu ya AV ya kuingiza picha. Kenya ilihamia dijitali mwaka wa 2015, kwa hivyo deki ya analogi haishiki stesheni yenyewe. Utahitaji king'amuzi.

Ukiridhika, lipa kwa Till ya duka na usome jina kabla ya kuthibitisha. Usitume deposit kwa mtu hujamwona wala deki hujaiona. Kurudishiwa pesa tunakusaidia ukikosea namba. Deki ikiharibika, hayo ni kati yako na muuzaji, kwa hivyo weka risiti na SMS ya malipo.