Karatasi ya Ardhi: Ilianzia Wapi, na Itatulinda Vipi?

Ndugu na dada wa vikundi vya Gotu na vijiji jirani,

Kila tukitembelea vikundi, swali moja haliishi: hii ardhi tunayolishia mifugo tangu enzi za babu zetu, mbona haina hatimiliki, au "taito" kama wengi tunavyosema? Na tukiipata, itatulinda kweli? Tuanze na historia, kwa maana wengine walitangulia kuipata karatasi hiyo, na yaliyowapata ni funzo kwetu.

WAKATI WA MKOLONI

Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya kuifanya ardhi kuwa mali ya Mfalme wao. Sheria ya 1915 ikaongeza kwamba hata ardhi wanayokaa wenyeji ni ya Mfalme. Mzungu aliweza kukodishiwa shamba kwa miaka 999. Kuanzia 1954, chini ya mpango wa Swynnerton, wakulima wa sehemu za Kati walipimiwa mashamba na kupewa taito. Huku kwetu ilikuwa ni eneo la mpaka wa Kaskazini, lililofungwa: kuingia na kutoka ni kwa kibali. Taito hazikutufikia.

BAADA YA UHURU

Ardhi ya wafugaji ikaitwa ardhi ya amana, mikononi mwa mabaraza ya kaunti ya wakati ule. Mwananchi alilisha mifugo, lakini mwenye kushika kalamu alikuwa baraza. Kwingineko watu walijaribu njia mbili.

Ya kwanza ni kampuni za kununua ardhi. Katika Bonde la Ufa, miaka ya 1960 na 1970, watu walichanga pesa, wakanunua hisa, na kampuni ikanunua shamba la mzungu. Ngwataniro ya Nakuru ilikuwa mojawapo. Taito ilikuwa moja, kwa jina la kampuni. Mwanachama alibaki na cheti cha hisa tu. Mahali ambapo daftari la wanachama liliharibiwa, au hisa ziliuzwa kupita ekari zilizokuwepo, wenye vyeti walingoja miaka na miaka. Katika miaka ya 1980 Rais Moi aliagiza kampuni hizo ziwagawie watu mashamba yao na kuvunjwa.

Ya pili ni ranchi za vikundi, chini ya sheria ya 1968, hasa kule Kajiado na Narok. Taito iliandikwa kwa majina ya wawakilishi, si chini ya 3 wala zaidi ya 10. Mahali pengi wawakilishi waliacha kuita mikutano. Ranchi nyingi zikakatwa vipande, na vipande vingi vikauzwa. Ukame ukija, mwenye kipande kimoja na ua pande zote ataipeleka wapi mifugo yake?

Basi tuelewe: karatasi yenyewe haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni daftari safi la wanachama na mkutano ambamo kila mtu ana sauti.

SHERIA YA SASA

Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inatambua ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilianza kazi tarehe 21 Septemba 2016, ikafuta ile ya ardhi ya amana na ile ya ranchi za vikundi. Pale ardhi haijasajiliwa, serikali ya kaunti ni mshika amana tu. Hairuhusiwi kuiuza wala kuihamisha. Ardhi ikichukuliwa kwa barabara au bwawa, pesa za fidia lazima ziwekwe kwa niaba ya jamii. Hili si jambo dogo kwetu, kwani mradi mkubwa wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, umepangwa kupitia Isiolo.

Hatua za kusajili, kwa kifupi, ni hizi:

1. Tangazo linatolewa kwa wanajamii wote ili wakutane.
2. Mkutano unachagua kamati ya watu 7 hadi 15.
3. Kamati inaandika daftari la wanachama, jina la jamii na kanuni zake, kisha inapeleka kwa msajili.
4. Mipaka inatambuliwa na kupimwa. Mwenye dai analileta.
5. Taito inatolewa kwa jina la jamii.

Kamati haiwezi kuuza ardhi kwa siri. Kuuza, au kufanya mkataba na mwekezaji, kunahitaji kura ya theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Ubaguzi umekatazwa: mwanamke aliyeolewa katika jamii ni mwanachama, si mgeni. Daftari lisilo na majina ya akina mama halijakamilika.

Wazee wetu wa dedha wanajua malisho ya mvua na malisho ya kiangazi. Mambo hayo yaandikwe katika kanuni, yasibaki vichwani tu. Majirani nao waitwe wakati wa kutaja mipaka. Sheria inaruhusu jamii kumkubalia mfugaji wa nje alishe kwa masharti. Taito isiwe ukuta wa kuleta vita.

Tusidhani haya ni mambo ya mbali. Januari 2025, mahakama iliamua kwamba hifadhi ya wanyama ya Biliqo Bulesa, katika kaunti yetu hii, ilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo.

Katika Bibilia, Wafalme wa Kwanza sura ya 21, Nabothi alinyang'anywa shamba la mizabibu kwa barua zenye muhuri wa mfalme. Muhuri ulikuwa halali, ila barua zilikuwa za uongo, na wazee wa mji walizitii bila kupinga. Wakristo kwa Waislamu, tusinyamaze.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nani hapa kwetu ameliona daftari la wanachama? Kama halipo, tuanze lini?
2. Ni akina nani wanaweza kusahaulika: wajane, vijana, walio fora na mifugo?
3. Mgeni akija na karatasi ya kutiwa sahihi, tumekubaliana tutafanya nini kwanza?