Tusidhani Yumo Msafarani: Wazazi, Walimu na Simu Mikononi mwa Watoto

Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Maria na Yosefu, wakirudi kutoka Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka, walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani kuwa Mtoto Yesu yumo msafarani (Lk 2:41-52). Hawakuwa wazazi wazembe. Msafara ulijaa ndugu na jamaa, na mtoto wa miaka 12 angeweza kuwa pamoja na yeyote kati yao. Hata hivyo hakuwamo, nao walimkuta hekaluni baada ya siku tatu za mahangaiko.

Injili hii inatugusa kwa namna ya pekee tunapotafakari juu ya watoto wetu na simu janja. Nyumbani, wazazi hudhani kwamba shule inamfundisha mtoto matumizi mema ya teknolojia. Shuleni, kwa kuwa simu zimekatazwa, walimu hudhani kwamba jambo hilo ni la nyumbani. Kati ya dhana hizo mbili mtoto hubaki peke yake, naye ni mdogo mno kwa upweke huo.

Walezi wa kwanza, wala si wa pekee

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko kuhusu Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule huwasaidia wazazi katika wajibu huo, lakini haiwezi kuupokea wote mahali pao. Hivyo mzazi anayesema, “Mimi sijui mambo ya mitandao, walimu ndio wanaojua,” anauachia wito ambao Mungu mwenyewe amemkabidhi.

Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume *Amoris Laetitia* wa tarehe 19 Machi 2016, aliwakumbusha wazazi kwamba kumfuatilia mtoto kila hatua siyo malezi. Kilicho kikubwa ni kujua mtoto yuko wapi katika nafsi yake: anaamini nini, anatamani nini, anakusudia nini. Mtoto aweza kuwa ameketi sebuleni, hatua mbili tu kutoka kwa mama yake, huku moyo wake ukiwa mbali sana.

Pengo kati ya muhula na likizo

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa sekondari ya bweni. Kwa miezi kadhaa haruhusiwi kugusa simu. Ifikapo likizo ya Desemba anapewa simu yenye bando, na kwa kuwa amefaulu vizuri, hakuna anayemwuliza lolote. Katika siku moja anatoka kwenye katazo kamili na kuingia kwenye uhuru usio na mpaka. Hakuna aliyemfundisha kutembea katikati ya hayo mawili.

Kwa mtoto wa shule ya kutwa hali ni tofauti. Kazi za nyumbani hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, naye huichukua simu ya mama “kufanya kazi ya mwalimu.” Dakika 20 za hesabu hugeuka kuwa saa mbili za video. Mara nyingi mtoto huyo huyo ndiye anayemsaidia bibi kutuma pesa kwa simu, nasi tunamsifu kuwa mtaalamu. Tusisahau kwamba kujua kubonyeza si sawa na kujua kupambanua mema na mabaya.

Wala familia isiyo na simu janja isijione imesalimika. Ipo simu ya rafiki, kipo na kibanda umiza cha mtaani.

Ukimya ndio hatari kubwa

Mtoto aweza kukutana na picha chafu bila kuzitafuta. Aweza kuzoeana na mtu asiyemfahamu, ambaye kwanza humsifu, kisha humwomba picha ya utupu, na hatimaye humtisha kwamba ataisambaza asipotuma pesa au picha nyingine. Katika saa hiyo ya giza mtoto anamhitaji mzazi kuliko wakati wowote, lakini hasemi. Anajua kwamba neno la kwanza atakalosikia ni, “Lete hiyo simu!”, na la pili ni fimbo. Mtu mwovu hutegemea hofu hiyo. Nguvu yake yote imo katika kumwaminisha mtoto kwamba wazazi wake hawatamwelewa.

Kwa sababu hiyo, ahadi moja ina thamani kuliko makatazo mengi: “Mwanangu, ukipatwa na jambo lolote katika simu, hata kama wewe ndiwe uliyekosea, njoo uniambie. Kwanza nitakusikiliza.” Maria alipomkuta Yesu alimwuliza kwa nini amefanya hivyo, akamweleza uchungu wao, akapokea jibu ambalo hawakulielewa, na akayaweka yote moyoni. Lakini Luka hakuishia hapo: Yesu alishuka nao Nazareti, akawatii. Kusikiliza hakuondoi mamlaka ya mzazi, bali huyapa msingi.

Mtoto akija na habari ya namna hiyo, tusifute ujumbe wala picha za vitisho alizotumiwa, kwa maana huo ni ushahidi. Tusilipe pesa. Tusiisambaze picha ya mtoto, hata kwa nia ya kuwaonya wengine, kwani kufanya hivyo ni kumdhalilisha mara ya pili, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ponografia ya watoto. Tutoe taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au tupige namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Nyumbani: mipaka inayowahusu wote

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu au runinga, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Simu isiwe yaya. Kwa walio wakubwa zaidi, familia ikubaliane mambo machache na kuyashika: simu zisiwepo mezani wala wakati wa sala, usiku zilale sebuleni, na mtoto asifunguliwe akaunti kwa umri wa uongo, kwa kuwa mitandao mingi ya kijamii imeweka umri wa chini kuwa miaka 13.

Mipaka hiyo imbane na baba, imbane na mama. Wahenga walisema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Baba anayejibu ujumbe katikati ya Rozari amekwisha kufundisha, hata asipotamka neno.

Shuleni: katazo pekee halitoshi

Katazo la simu shuleni lina hekima yake, kwa kuwa linalinda usikivu darasani na urafiki wa ana kwa ana. Lakini katazo hulinda hadi getini tu. Shule zetu zitenge vipindi vya kuzungumza na wanafunzi kuhusu faragha, uongo wa mitandaoni, matusi kati ya wenzao, na unyofu katika kutumia akili mnemba. Insha iliyoandikwa na mashine na kutiwa jina la mwanafunzi ni udanganyifu, tena inamnyima mwenyewe nafasi ya kukua. Walimu nao wapime kama kila kazi inahitaji simu, na wasirushe picha za wanafunzi mitandaoni bila idhini ya wazazi.

Zaidi ya yote, kabla ya kila likizo ndefu, mkutano wa wazazi na walimu usiishie kwenye ada na matokeo. Waulizane wazi: mtoto anakwenda kukabidhiwa nini, na nani, kwa masharti gani?

Jumuiya na parokia

Swali hilo lifike pia katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mzazi asiyejua kutumia simu janja asione haya kumwomba jirani amwelekeze. Walezi wa Utoto Mtakatifu wawasimulie watoto habari za Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki dunia tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu na Baba Mtakatifu Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Kijana huyu alipenda kompyuta, akatengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi. Alipenda pia michezo ya kompyuta, akajiwekea mpaka wa saa moja kwa juma. Teknolojia haikumtawala, kwa kuwa moyo wake ulikuwa na Bwana mwingine.

Maria na Yosefu walipotambua kwamba mtoto hayumo, hawakulaumiana njiani. Waligeuza safari, wakamtafuta pamoja. Wazazi na walimu nao wafanye vivyo hivyo, wala wasingoje mwendo wa siku nzima upite. Familia Takatifu ya Nazareti, utuombee.