TAIRI LILILOVIMBA LISIPAKIWE MZIGO



Msimu wa korosho unapowadia, magunia yetu hutoka Chole kwa lori, yakapita Maneromango kuelekea Kisarawe na ghalani. Njiani mna mchanga, mashimo, na mvua za vuli zikinyesha, matope pia. Katika safari hiyo jasho la wanachama la mwaka mzima, pamoja na roho za dereva na utingo wake, hutegemea matairi sita tu. Makala haya yanaeleza kasoro moja ya tairi ambayo huonekana kwa macho na bado hupuuzwa, nayo ni uvimbe.

Uvimbe ni nini?

Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna tabaka za nyuzi, nyingine za nailoni au poliesta, nyingine za chuma. Nyuzi hizo ndizo zinazoushika upepo na kubeba mzigo. Mpira wa nje kazi yake kubwa ni kuzilinda na maji na mikwaruzo. Nyuzi za ubavuni zikikatika, upepo huusukuma mpira mahali pasipo na kizuizi, na nundu hutokea. Basi anayeiona nundu asiseme kuwa tairi linaanza kuharibika. Limekwisha kuharibika, na kilichobaki kuuzuia upepo ni mpira peke yake.

Nundu ikitokea kwenye uso unaokanyaga barabara, maana yake ni kwamba tabaka za ndani zimeachana. Dereva huhisi gari likitikisika hata penye barabara iliyo sawa.

Ni vema kutofautisha nundu na kibonyeo. Matairi ya radiali, ambayo kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliyasajili mwaka 1946, huweza kuwa na kifuo chembamba ubavuni mahali ambapo tabaka za nyuzi zimepandana wakati wa kuundwa. Hapo nyuzi ni nyingi zaidi, wala hapana hatari. Kinachoingia ndani kidogo mara nyingi ni maungio. Kinachotokeza nje ni nyuzi zilizokatika. Mwenye shaka amwite fundi.

Chanzo chake

Chanzo cha kwanza ni kugonga. Gurudumu lenye mzigo likitumbukia shimoni kwa kasi, ubavu wa tairi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, na nyuzi hukatika. Nundu huweza kuchelewa kuonekana kwa siku kadhaa au majuma. Kwa hiyo dereva akisema kwamba leo hakugonga kitu, huenda anasema kweli.

Chanzo cha pili ni upungufu wa upepo. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, likapata joto, na joto hudhoofisha nyuzi na kuachanisha tabaka. Upungufu wa asilimia 20 watosha kulihesabu tairi la lori kuwa limetembea bila upepo. Lisijazwe tena kabla fundi hajalifungua na kulikagua ndani. Hatari hii hujificha zaidi katika magurudumu pacha ya nyuma, kwani tairi la ndani likiishiwa upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili bila mtu kujua.

Chanzo cha tatu ni mzigo kupita kiasi, na cha nne ni uzee. Umri wa tairi husomwa ubavuni katika tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na matairi mengi tunayonunua husafiri mbali na kukaa madukani. Katibu asome tarakimu hizo kabla ya kulipa.

Tiba zisizo tiba

Wako wanaotia kipande cha tairi kuukuu ndani pamoja na mpira wa upepo. Wako wanaopunguza upepo ili nundu inywee, na wanaolihamishia tairi nyuma au kulifanya la akiba. Njia zote hizo huificha nundu tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu wa ubavuni hauzibiki, na fundi mwaminifu atasema hivyo. Tairi litolewe, likatwe ubavu ili asitokee wa kulirudisha barabarani.

Hatua za kufuata

1. Asubuhi, matairi yakiwa baridi, upepo upimwe kwa geji. Kupiga tairi teke hakutoshi.
2. Pande zote mbili za kila tairi zikaguliwe kwa macho na kwa mkono, pamoja na la ndani na la akiba.
3. Nundu ikionekana njiani, gari lisimamishwe na tairi libadilishwe. Upepo utolewe kwanza kabla ya kulegeza nati, na mtu yeyote asisimame mbele ya ubavu wa tairi.
4. Tairi likipasuka, dereva ashike usukani imara, aachie mafuta polepole, asikanyage breki kwa ghafla.
5. Abiria wasipande juu ya magunia.

Nani aamue?

Jambo hili ndilo gumu kuliko yote. Dereva aliyeona nundu huku magunia yamekwisha kupakiwa na siku ya mnada imekaribia, husukumwa na kila mtu aondoke. Asiachiwe mzigo huo peke yake. Kamati iamue mapema, na uamuzi uandikwe katika muhtasari, kwamba gari lenye tairi lililovimba haliondoki, na kwamba dereva anayekataa kuliendesha hataadhibiwa wala kukatwa malipo. Fedha za matairi ziingizwe katika makisio ya mwaka na kufikishwa mbele ya mkutano mkuu, zisitafutwe siku ya dharura. Gari likikodiwa, Katibu alikague kabla ya gunia la kwanza kupanda, kwa maana baada ya kupakia, kukataa huwa kugumu.

Wanachama nao wawe na subira. Gunia lililochelewa siku moja laweza kuuzwa kesho. Dereva na utingo wakipotea, hakuna mnada utakaowarudisha.