Jina la Ziwa Ni Onyo kwa Mwenye Masikio

Likizo iliyopita niliandamana na wanafunzi wangu kumi na wawili hadi Naivasha. Azma yetu ilikuwa kupiga kambi kando ya ziwa, kuvua samaki na kuzuru mbuga ya Hell's Gate, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1984 na ni miongoni mwa mbuga chache humu nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maji mtungini. Mvuvi mmoja wa makamo alitupakia katika mashua mbili, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea. Alitufunza kutia chambo, akatueleza kwamba samaki aina ya besi si mwenyeji wa maji haya. Aliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920 ili avuliwe kwa burudani.

Ilipotimu saa sita alisema, "Mwalimu, turudi. Ziwa hili halina urafiki alasiri." Vijana wakanisihi tuongeze saa moja. Nami, msomi mwenye shahada ya uzamifu, nikawaunga mkono. Kwa kuwa nilikuwa nimelipia siku nzima, mzee akanyamaza.

Kabla ya saa moja hiyo kwisha upepo ulivuma, mawimbi yakaumuka, na mashua ya pili ikaanza kuingia maji. Wanafunzi waliyateka kwa viatu vyao huku wengine wakilia. Tulifika ufukoni tumelowa chapachapa, lakini sote hai.

Jioni, tukiota moto, mvuvi aliniuliza kwa upole, "Kwani, Mwalimu, hamlijui jina la ziwa?"

Nililijua! Kwa miaka mingi nimeandika ubaoni kwamba Naivasha ni Enaiposha ya Kimaa, maji yenye kuchafuka. Niliwaonyesha wanafunzi jinsi p ilivyogeuka v vinywani mwa wageni. Jambo ambalo sikuwahi kulifikiria ni kwamba waliolipa ziwa jina hilo walikuwa wakinionya.

Kesho yake tuliteremka katika korongo la Ol Njorowa, mle ambamo mafuriko ya ghafla yaliwaua watu mwezi wa Septemba 2019. Wingu lilipotanda kwa mbali, nilimwuliza kiongozi wetu kabla ya kutoa rai yoyote. "Tutokeni," akasema. Tukatoka.

Walimu wenzangu, ziara za masomo zina faida kubwa. Hata hivyo, kabla ya kuwapeleka vijana mahali popote, waulizeni wenyeji maana ya majina ya mito, milima na maziwa yao. Aghalabu jina huhifadhi maarifa ya vizazi, na lugha ikifa, onyo hilo hufa nalo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu liliponea chupuchupu.