Mvua Inakuja, Nani Atarudisha Ng'ombe?

Muhula uliopita niliwachezea wanafunzi wangu wa isimu wimbo "Kothbiro" wa marehemu Ayub Ogada. Hawakuwa wageni wa sauti ile. Mmoja alikwisha kuisikia katika filamu, mwingine katika rekodi ya mwanamuziki wa Marekani. Nilipouliza maneno yake yana maana gani, darasa zima lilinyamaza. Miongoni mwa walionyamaza walikuwamo vijana waliozaliwa na kulelewa Kisumu, ambao nyanya zao huamka na kulala na Dholuo.

Kimya kile ndicho kilichonirudisha kwenye albamu iliyoupeleka wimbo huo ng'ambo, yaani *En Mana Kuoyo*, iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1993.

Ogada, ambaye jina lake la awali lilikuwa Job Seda, alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa vijana wa Black Savage, bendi ya Nairobi iliyopiga muziki wa roki, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya African Heritage. Mwaka 1986 alifunga safari hadi Uingereza akiwa na nyatiti yake, akawa anawapigia wapita njia katika stesheni za treni za chini ya ardhi mjini London. Kutoka huko alialikwa kwenye tamasha la WOMAD, na mlango wa studio ukafunguka.

Mtu angedhani kwamba msanii aliye ugenini, tena mwenye kiu ya kusikika, angekimbilia Kiingereza. Yeye alifanya kinyume. Aliimba kwa Dholuo, na nyatiti akaifanya uti wa mgongo wa kazi yake. Ala hiyo ina nyuzi nane. Kwa desturi mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ili agonge ukingo wa ala, na njuga mguuni. Mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja. Kwa hiyo albamu ya msanii mmoja, ambayo wengi huidhania kuwa mtindo wa Kizungu, haikuwa jambo geni kamwe kwa watu wa ziwa.

Sasa tuyatazame maneno. *Koth* ni mvua, na *biro* ni kitenzi chenye maana ya "inakuja". Mwimbaji anaonya kwamba mvua inakuja, hivyo ng'ombe warudishwe nyumbani. Onyo hilo si pambo kwa mkazi wa nyanda za Kano, ambako Mto Nyando hufurika na kuingia majumbani. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda hadi kimo kisichokuwa na kifani katika kumbukumbu zake, likawahamisha wakazi wengi wa ufuoni.

Wenzetu wa mbali walisikia nini? Mwaka 2005 filamu *The Constant Gardener* iliutumia wimbo huo kuibua majonzi. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ya zamani ya Black Savage na kukitia katika wimbo wake "Yikes". Siwalaumu. Msikilizaji asiyejua lugha huchukua kile anachoweza kukibeba, nacho ni sauti. Ng'ombe na mvua vilibaki njiani.

Linalonisumbua ni kwamba hata sisi wenyewe tuliviacha. Mwaka ule wa 1993 nilikuwa mwanafunzi wa shule moja ya msingi karibu na ziwa. Aliyenaswa akisema Dholuo alivishwa kipande cha mbao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Kosa langu halikuwa matusi. Yalikuwa maneno ya kawaida tu, kama maji, njoo, mvua. Wakati huohuo maneno ya aina hiyohiyo yalikuwa yakishangiliwa Ulaya. Kweli nabii hakubaliki kwao.

Tena haikuwa kwa kukosa sera. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili sambamba na kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Karatasi zimejaa. Pengo liko darasani, na zaidi liko katika aibu tuliyopandwa tukiwa watoto.

Wapo watakaouliza kwa nini mtetezi wa Dholuo anaandika kwa Kiswahili. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu lugha hiyo haihitaji kuua jirani ili iishi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuutumia wimbo kama huu kwa kipindi kimoja tu: wanafunzi wasikilize, wayaandike maneno, wayatenge moja moja, kisha wayafasiri kwa Kiswahili sanifu. Hapo watajifunza sarufi za lugha mbili kwa jasho moja. Mwalimu wa Turkana, Kitui au Lamu ana nyimbo za kwao za kufanyia vivyo hivyo.

Mimi nilijaribu. Niliwatuma wanafunzi wangu nyumbani wakaulize, na juma lililofuata walirudi na zaidi ya nilivyotarajia. Mmoja alileta neno *chwiri*, yaani majira ya mvua za masika, na mwingine akaleta *opon*, majira ya vuli. Walikuwa wameyapata kwa nyanya zao, katika mazungumzo ambayo, kwa maelezo yao wenyewe, hawakuwahi kuwa nayo kabla. Anayekosa maneno hayo hajakosa msamiati tu, amekosa kalenda ya wazee wake.

Ayub Ogada alifariki dunia Kisumu mwezi Februari 2019. *En mana kuoyo* maana yake ni "ni mchanga tu". Mwaka 2015 ilitoka albamu nyingine, *Kodhi*, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren, na *kodhi* ni mbegu. Mbegu hizo ziko mikononi mwa walimu, na mvua inakuja.